Mchanga wa Chujio Utaupeleka Wapi?

Kuchemsha hakutoi urani kwenye maji. Naanza na hilo kwa sababu ndilo swali la kwanza katika kila baraza ninaloitwa, iwe Kitutu au Mugirango: "Sasa daktari, si tutachemsha tu?" Mimi si daktari. Ni fundi wa ubora wa maji, mtu wa chupa za sampuli na karatasi za majibu, ila huku Gusii ukishafika na glavu na sanduku la barafu umeshakuwa daktari, cheti hakiulizwi. Basi nawajibu hivi: maji yenye vijidudu ukiyachemsha, vijidudu hufa. Maji yenye urani ukiyachemsha, mvuke huondoka na urani hubaki sufuriani, kwa hivyo yaliyosalia yana urani nyingi zaidi kwa kila lita kuliko yale uliyotia. Klorini haiigusi. Kitambaa hakiikamati. Na maji yenyewe ni meupe, baridi, hayana harufu. Mama aliyeyateka atakuapia kwamba hajawahi kunywa maji matamu kama hayo.

Hapo watu huanza kuogopa, nami huanza kazi ya pili, ya kuwatoa hofu. Nimeona mradi wa maji ukisimama kwa sababu tu mtu mmoja alitamka neno "nyuklia" mkutanoni. Nimeona pia mradi ukizinduliwa kwa ngoma, keki na hotuba za waheshimiwa bila yeyote kuuliza kilichomo ndani ya maji. Wote hao wameamua kabla ya kupima.

Miaka hii hofu imeongezeka kwa sababu ya habari za kinu cha nyuklia, kwanza Uyombo kule Kilifi, kisha Siaya. Mtu wa Nyamira akisikia "mionzi kwenye maji" anadhani kuna kitu kimemwagwa na mwenye nia mbaya. Mionzi ninayoishughulikia haikuletwa na mtu. Urani na thori zimo ndani ya mawe tangu mawe yalipoumbwa, na kwa kuwa urani-238 huchukua miaka bilioni 4.5 kupungua nusu, bado ipo tele. Inapovunjika, hatua kwa hatua, inazaa radiamu. Radiamu inazaa radoni, ambayo ni gesi. Radoni nayo inazaa polonia na risasi. Kila mmoja katika ukoo huo ana tabia zake ndani ya maji. Urani hupenda maji yenye hewa na bikaboneti. Radiamu huyeyuka vizuri zaidi mahali pasipo na hewa, penye chuma na chumvi. Radoni haiungani kirahisi na chochote, hungoja tu maji yatikiswe itoroke. Ndiyo maana anayekuuzia chujio moja "la kutoa mionzi yote" anataka pesa zako.

Milima yetu nayo si jiwe moja. Ukipanda mwamba wa Manga unakanyaga kwazaiti. Chini yake na pembeni kuna lava za kale, nyingine nyeusi za basalti, nyingine nyeupe-nyeupe. Kitutu na Wanjare kuna graniti. Kule Tabaka kuna jiwe la sabuni, lile linalochongwa vinyago na sahani zinazouzwa mpaka Ulaya. Basalti kwa kawaida ina urani kidogo. Graniti na lava nyeupe zina zaidi. Mwaka 2011 watafiti walichapisha vipimo vya radiamu, thori na potasiamu katika machimbo ya Tabaka, na viwango vilikuwa juu ya wastani wa udongo wa dunia, ambao ni takriban bekereli 35 za radiamu na 30 za thori kwa kila kilo. Mwaka 2012 kukatoka kazi nyingine ya Lambwe Mashariki, kwa jirani zetu wa Homa Bay, eneo ambalo mionzi ya ardhi inajulikana kuwa kubwa. Na tangu 1998 kuna utafiti uliochapishwa kuhusu radoni katika maji ya ardhini ya Kenya. Kwa hivyo si jambo la kuletwa jana.

Lakini jiwe si maji. Bekereli moja maana yake ni chembe moja kuvunjika kwa sekunde moja, na mwamba unaweza kuwa na bekereli nyingi kwa kilo huku maji yanayopita juu yake yakitoka na kidogo mno, kama yamepita haraka. Muda ambao maji yamekaa na jiwe una uzito mkubwa. Hapo ndipo chemchemi zetu zinapotupa heri.

Watu wengi wa vijijini Kisii na Nyamira hunywa maji ya chemchemi. Mvua yetu ni zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, inaingia mlimani na kutokea bondeni. Maji hayo ni machanga. Hayajakaa na mwamba muda mrefu. Ukiilinda chemchemi inavyotakiwa, umemaliza sehemu kubwa ya kazi: unachimba kurudi nyuma mpaka uone jicho lenyewe, unapanga mawe, unafunika kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, unajenga ukuta na kutoa bomba, unakata mfereji juu ili maji ya mvua yasiingie, unazungushia ua. Nimefanya hivyo na kina mama wa vikundi ambao walijua jicho la maji liko wapi kuliko mhandisi mwenye ramani.

Tatizo la chemchemi ni binadamu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, na maboma mengi yana choo cha shimo, na vyoo vingi viko juu ya chemchemi kwa sababu watu wamejenga mgongoni mwa kilima na maji yako chini. Ukiniuliza ni kitu gani kitamlaza mtoto hospitalini mwaka huu kwa sababu ya maji, nitakujibu bila kusita: kuhara. Vijidudu kwanza. Mtu asichukue makala haya akaenda kuwaambia watu waache kutia dawa ya maji ati tatizo ni mionzi. Huyo atakuwa amewaua.

Kwa nini basi nahangaika na mionzi? Kwa sababu tunaacha chemchemi na kwenda kwenye visima virefu. Mikaratusi imekunywa mabonde. Mwaka 2009 waziri wa mazingira wa wakati ule, John Michuki, aliagiza ing'olewe kando ya vyanzo vya maji, na mingine bado imesimama hadi leo kwa sababu ni nguzo, ni kuni za kiwanda cha majani chai, ni karo ya shule. Chemchemi ikikauka, mwanasiasa analeta mtambo wa kuchimba. Mtambo unashuka mita mia na zaidi, unapita lava, unaingia nyufa za graniti, unapata maji yaliyokaa humo miaka mingi. Maji yanaruka, watu wanapiga vigelegele. Kisha zinapimwa pH, chuma, floridi, vijidudu, na karatasi inafungwa. Safu ya alfa na beta, zile aina mbili za mionzi, haipo kabisa, kwa sababu hakuna aliyeilipia.

Kipimo chenyewe si uchawi. Shirika la Afya Duniani limeweka mlango wa kwanza: jumla ya alfa isizidi bekereli 0.5 kwa lita, jumla ya beta isizidi 1. Ukiwa chini ya hapo, unarudi nyumbani. Ukizidi, unapima kimoja kimoja kujua ni nani hasa. Kwa urani kuna kiwango kingine, mikrogramu 30 kwa lita, nacho hakihusu mionzi. Kinahusu figo, maana urani huumiza figo kama metali nyingine nzito kabla mionzi yake haijakuwa na neno.

Kuchota sampuli ndiko kunakoharibu kazi za wengi. Kwa urani na radiamu unachukua chupa safi ya plastiki, unaacha pampu ivute kwanza mpaka maji yaliyolala ndani ya bomba yaishe, unajaza, kisha unatia asidi ya nitriki ili pH ishuke chini ya 2. Usipotia asidi, metali hujibandika kwenye kuta za chupa, na maabara itapima maji yaliyobaki na kukupa majibu mazuri ya uongo. Kwa radoni ni kinyume: chupa ya kioo, hakuna asidi, hakuna kutikisa. Unazamisha chupa ndani ya ndoo inayojazwa polepole na mpira uliofika chini, unaijaza ikiwa imezama, unaifunga ikiwa bado chini ya maji, kisha unaigeuza kichwa chini uitazame kwenye mwanga. Ukiona hata kiputo kidogo kimepanda, mwaga, anza upya. Halafu unaandika saa, maana radoni inabaki nusu kila baada ya siku 3.8. Sampuli iliyokaa Ijumaa hadi Jumanne kwenye meza ya stoo ikisubiri gari la kwenda Nairobi tayari imepoteza karibu nusu. Nimewahi kumwona kijana mzuri sana wa maabara akichota radoni kwa kuchovya kikombe kwenye tangi na kumimina kwenye chupa kutoka juu, povu tupu. Nilimwambia: kijana wangu, hapo umepima hewa ya kijiji.

Kuna kisima kimoja cha kikundi, kwenye ukanda wa graniti, ambacho alfa yake ilizidi 0.5 kidogo. Kamati ilikuwa imekaa chini ya mparachichi ikingoja jibu. Mzee mmoja alisema lile ambalo kila mzee husema: "Mwanangu, mambo ya desimali ni yako. Sisi tuambie, tunywe au tusinywe?" Nikamwambia, mnywe, mzee, huku nikirudia kipimo. Hakufurahi, maana alitaka neno moja bila mkia. Lakini mlango wa 0.5 haukuwekwa kuwa mstari wa kufa na kupona. Umewekwa chini sana kwa makusudi. Msingi wake ni dozi ya mionzi ya milisiveti 0.1 kwa mwaka kwa mtu anywaye lita 2 kila siku, ilhali binadamu wa kawaida duniani hupokea takriban milisiveti 2.4 kwa mwaka kutoka kwa mawe, hewa, anga na chakula, apende asipende. Kipimo cha pili kilionyesha kwamba sehemu kubwa ya alfa ile ilitokana na urani-234, na urani yote kwa uzito ilikuwa chini ya mikrogramu 30. Kisima hakikufungwa. Tulikichanganya na maji mengine, nitalieleza hilo.

Ingekuwa radiamu-228 ningekuwa mkali zaidi. Hiyo, bekereli 0.2 tu kwa lita, ukinywa lita 2 kila siku mwaka mzima, inatosha kukufikisha kwenye ile milisiveti 0.1. Tena haitajitokeza kwenye alfa, maana yenyewe hutoa beta. Anayepima alfa pekee ili kuokoa shilingi hataiona. Radiamu mwili huichukulia kuwa kalisi na kuipeleka mifupani. Haya hatukuyajua kwa kukisia. Marekani ya miaka ya 1920 iliuza maji ya radiamu kama dawa ya nguvu, chupa ndogo iitwayo Radithor, yenye bekereli zaidi ya 37,000, na tajiri mmoja aitwaye Eben Byers aliyeinywa kwa moyo wote alikufa mwaka 1932 taya limeoza. Hapo barazani huwa kimya kidogo, kisha mtu anauliza ilikuwa bei gani.

Beta nayo ina mtego wake. Inaweza kupanda juu ya 1 kwa sababu ya potasiamu tu, na potasiamu mwili hujidhibiti wenyewe. Gramu moja ya potasiamu hutoa beta ya takriban bekereli 28. Ndizi moja ina bekereli kama 15, na hapa ni Kisii, ndizi ndiyo sisi. Kwa hivyo kabla ya kupiga kelele unapima potasiamu, unatoa sehemu yake, unatazama kilichobaki.

Sasa kutoa. Radoni ndiyo rahisi kuliko zote: mwagilia maji hewani. Yapitishe kwenye trei zenye matundu au yaanguke ngazi kwa ngazi. Mtambo uliojengwa vizuri hutoa zaidi ya asilimia 90. Lakini gesi iliyotoka kwenye maji imeingia mahali. Nilienda kukagua mradi mmoja upande wa Nyamira wenye baridi, nikakuta trei za hewa zimejengwa ndani ya chumba cha pampu. Mlinzi alikuwa ameweka godoro lake hatua mbili kutoka hapo, redio kwenye msumari, koti la mvua mlangoni, na matundu ya hewa ameyaziba kwa magunia ya mbolea.

"Ndugu, unalala humu?"

"Humu ndimo mnamo joto, mkubwa. Nje utaniokota asubuhi."

Hakuna aliyemwambia. Madhara mengi ya radoni ya majini hayaji kwa kunywa, huja kwa kuvuta hewa yake, nayo ni miongoni mwa vyanzo vikuu vya saratani ya mapafu duniani, mbaya zaidi kwa mvutaji sigara. Wanakijiji walikuwa wamelindwa, lakini mlinzi akaachwa ndani ya chumba. Dawa yake ilikuwa bomba la inchi 4 kutoka juu ya trei hadi nje ya paa, magunia yatolewe, na kibanda cha mabati kijengwe pembeni na mlango wake. Kibanda kilichelewa kuliko bomba, kwa sababu mfadhili alikuwa na bajeti ya maji na hakuwa na bajeti ya mlinzi.

Radiamu ndiyo iliyonifanya niandike haya. Visima vyetu vingi vina chuma na manganizi. Unazijua dalili zake: shati jeupe linageuka kahawia, chai inakuwa nyeusi, ukingo wa beseni una mstari. Kwa hiyo miradi huweka trei ya hewa na chujio la mchanga. Chuma kinaganda, manganizi inaivika kila punje koti jeusi. Koti lile jeusi hukamata radiamu kwa bidii sana. Mafundi wa nchi nyingine hutengeneza oksidi ya manganizi kwa makusudi ili watoe radiamu. Sisi tunaitoa bila kujua, kila siku, na kujisifu kwamba tumetoa chuma.

Nikuwekee hesabu ya mfano. Chukua maji yenye radiamu-226 ya bekereli 0.1 kwa lita, sehemu ya kumi tu ya kiwango elekezi cha Shirika la Afya Duniani. Maji ya halali kabisa. Mradi unapitisha lita 20,000 kwa siku, na chujio linakamata nusu. Hiyo ni bekereli 1,000 kila siku. Baada ya miaka 5 chujio lina zaidi ya bekereli 1,800,000. Kama mchanga wake ni tani 2, kila kilo ina bekereli 900 na ushei. Wastani wa udongo wa dunia, kumbuka, ni 35. Na 1,000 kwa kilo ndicho kiwango ambacho wadhibiti wa kimataifa huanza kusema: hiki si mchanga tena, hiki kinahitaji usimamizi. Radiamu-226 hupungua nusu kwa miaka 1,600, kwa hivyo usingoje ipoe.

Nilikuwepo siku mchanga wa chujio moja ukibadilishwa. Vijana waliutoa kwa sepetu, mweusi, mzito, unang'aa kwa unyevu, wakaurundika kando ya njia. Mwenyekiti akauinamia, akausugua kati ya vidole, akasema, "Daktari, mchanga huu umeoshwa miaka yote, hauna udongo hata chembe. Kijana wangu anapiga lipu nyumba yake. Nauchukua."

"Mzee mwenyekiti, kwa heshima yako, huu usiingie nyumbani kwa mtu."

"Kwani una sumu?"

"Sijaupima bado. Ndiyo maana."

Alikasirika, nami namwelewa: mchanga mzuri kwetu unatoka mbali na lori lake si la bei ndogo. Tulifunika kwa turubai, tukachukua sampuli, ukangoja. Kusema kweli, hatari ya mchanga kama ule kwa aliyeushika siku moja ni ndogo mno. Angeweza kuukalia akila mahindi. Hatari ni ukuta wa chumba cha kulala cha watoto kwa miaka arobaini, madirisha madogo, radoni ikitoka kwenye lipu kila usiku. Basi wakati wa kuutoa, uwe mbichi vumbi lisitimke, glavu na barakoa, watoto wakae mbali. Ukipimwa na mionzi yake ikakutwa ndogo, unaweza kupelekwa kwenye ujenzi wa barabara au kufukiwa kwa kawaida. Ikikutwa kubwa, jambo ni la Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia, iliyoundwa kwa sheria ya 2019, na wao watasema utazikwa wapi na vipi. Nchi ina kituo cha kuhifadhi taka za mionzi Oloolua, karibu na Ngong, lakini hicho ni cha vifaa vya hospitali na viwanda. Hakuna atakayebeba malori ya mchanga kutoka Gusii hadi huko. Utazikwa hapa hapa, juu ya udongo wa mfinyanzi, mbali na chemchemi, mahali palipoandikwa kwenye hati ya kiwanja ili mjukuu asichimbe msingi hapo.

Maji ya kuoshea chujio pia yana tope hilo hilo. Nimeyaona yakielekezwa kwenye bustani ya mboga za chinsaga na managu kwa sababu maji hayamwagwi bure. Chimba shimo la kutuliza tope, yaliyo safi juu yaende, tope libaki. Na shimo lisiwe juu ya jicho la maji la jirani.

Kwa urani kuna resini inayoikamata vizuri, na kuna mashine za utando, zile wanazotumia wauza maji ya kujaza mitungi pale mjini Kisii na Keroka. Zote zinafanya kazi. Zote zina taka: resini ikioshwa kwa chumvi, chumvi inatoka na urani, mashine ya utando inakupa mtungi wa maji safi na kumwaga mengine yaliyobeba uchafu wa yote. Shabu inayotumika kwenye mitambo ya maji ya mto hukamata urani pia, hasa pH ikiwa karibu na 6. Makaa maalumu hukamata radoni, ila yenyewe yanageuka kuwa chanzo cha mionzi; usiyaweke chini ya sinki jikoni. Sirefushi hapo, kwa sababu kwa mradi wa kijiji napendekeza mashine hizo mwisho kabisa. Zinahitaji umeme, vipuri, na mtu anayelipwa kila mwezi, na huyo wa tatu ndiye miradi yetu huanza kumkosa.

Wenye pesa wenyewe hukimbia mashine. Mji wa Waukesha kule Wisconsin uliteswa na radiamu ya visima virefu kwa miongo. Mwaka 2016 ukaruhusiwa kuchukua maji ya Ziwa Michigan, na Oktoba 2023 ukafungulia. Wamebadilisha chanzo, basi. Jordani hawana ziwa la kukimbilia: maji ya kale ya Disi, ambayo watafiti walionyesha mwaka 2009 kuwa na radiamu nyingi, yanapelekwa Amman tangu 2013 na kuchanganywa na mengine ili kiwango kishuke.

Sisi tuna mvua nyingi kuliko Jordani mara kadhaa, na tunaiacha iteremke hadi mto Gucha na udongo wetu. Ule mradi wa alfa iliyozidi kidogo ulikuwa jirani na shule. Paa la madarasa lenye mita 100 za mraba, kwa milimita 1,500, likipoteza hata sehemu ya tano, hukusanya lita 120,000 kwa mwaka. Wanafunzi 300 wakinywa lita 2 kila mmoja kwa siku 190 za masomo wanahitaji 114,000. Mvua yetu haikai mbali muda mrefu, kwa hivyo tangi halihitaji kuwa kubwa kama ghorofa. Tukaweka mifereji, bomba la kumwaga maji ya kwanza yanayoosha paa, klorini, na maji ya kisima yakaachiwa kufua na kuosha, na kujazia tangi siku za ukame. Alfa ya maji ya kunywa ikashuka chini ya mlango. Hapakutoka taka yoyote ya kuzikwa. Mfadhili hakupiga picha, maana mabati na mifereji havina sura ya maendeleo.

Msimamo wangu, kwa hiyo, ni huu: chemchemi ilindwe kwanza, mvua ikingwe pili, kisima kirefu kiwe cha tatu, na kikichimbwa kipimwe alfa na beta zote mbili kabla ya bomba la kwanza kwenda kijijini. Chujio likijengwa, mkataba useme mchanga wake utapimwa lini na utakwenda wapi, na nani atalipa. Mkandarasi atakwambia hilo halijawahi kuandikwa. Liandikeni. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinakupa haki ya maji safi na salama, na cha 35 kinakupa haki ya habari. Karatasi ya majibu ya kisima chenu ni yenu, si siri ya ofisi. Iombeni kwa barua. Ikija bila safu ya alfa na beta, irudisheni mseme kazi haijaisha.